Mtini si mkuyu: kuusoma mfano wa Mathayo 24 ukiwa kando ya Ziwa Victoria

"Basi kwa mtini jifunzeni mfano, tawi lake likiisha kuwa laini na kuchanua majani, mwatambua ya kuwa wakati wa mavuno ni karibu." Ndivyo unavyosomeka mstari wa 32 wa Mathayo 24 katika Biblia ya Union Version, ile ya 1952, ambayo waumini wengi wameikariri tangu utotoni. Marko 13 na Luka 21 wanao mfano huo huo. Ni mfupi mno. Hauna mpanzi wala mwana mpotevu, hauna hata mtu mmoja ndani yake; ni mti na tawi tu. Na huo mti na tawi ndio huzaa mahubiri marefu kuliko yote kila vita inapozuka, kila ardhi inapotikisika, kila ziwa linapojaa.

Ugumu wa kwanza kwa msomaji wa Mwanza ni mti wenyewe. Mtu aliyekulia huku akisikia "mtini", picha inayomjia kichwani ni mkuyu. Wala si ajabu. Miti hiyo ni ya ukoo mmoja, yote hutoa utomvu mweupe ukiichanja, na mkuyu ndio tunaoishi nao. Jiji lenyewe lina kata inayoitwa Mkuyuni. Mtini wa Biblia hauoti wenyewe katika nchi hii. Wengi huzijua tini kwa zile kavu za pakiti madukani, au kwa Sura ya 95 ya Kurani inayoanza kwa kuapa kwa tini na zeituni. Biblia yenyewe haichanganyi miti hii miwili: Zakayo alipanda mkuyu huko Yeriko, Amosi alikuwa mtunza mikuyu, lakini mti wa Mathayo 24 ni mtini.

Tofauti yao ndiyo inayoubeba mfano mzima. Mkuyu huzaa kuyu kwa vichala kwenye shina na matawi manene, tena mara kadhaa kwa mwaka. Mkuyu mmoja utakuta una kuyu changa, na mwenzake hatua hamsini mbele umeshaangusha zilizoiva na ndege wanagombania. Hata majani haupukutishi kwa ratiba ya kueleweka. Mti wa namna hiyo hauwezi kumwambia mtu yuko mwezi gani. Ukiuweka mahali pa mtini, mfano unabaki bila kazi.

Mtini wa Palestina hufuata majira kwa ukali. Baridi ikianza hudondosha majani yote. Kuanzia Desemba hadi Februari unasimama uchi: matawi ya kijivu, magumu, kama fimbo zilizochomekwa. Mwezi wa tatu joto linarudi, utomvu unapanda, ncha za matawi zinavimba na kuwa laini. Kwenye kila ncha kuna chipukizi moja lililochongoka kama mkuki. Hilo hufunguka, na majani mapana yenye vidole hujikunjua. Hicho ndicho Yesu anachokitaja kwa usahihi wa mkulima: kwanza tawi kuwa laini, kisha majani. Si majani peke yake.

Kwa nini asichague mti mwingine? Mzeituni ulikuwa kila mahali, lakini haupukutishi, kwa hiyo ukiutazama Januari na ukiutazama Juni ni kijani kile kile. Mlozi hupukutisha, ila una haraka: huchanua maua Januari au Februari wakati mvua na baridi bado vinapiga. Katika Yeremia 1 mlozi unatumika kwa sababu hiyo hiyo, kwani jina lake kwa Kiebrania linafanana na neno la kukesha. Ni mti unaoamka kabla ya wenzake. Mtini unachelewa. Ukiona umechanua, baridi imekwisha kweli. Na mazungumzo haya, kwa mujibu wa Mathayo na Marko, yalifanyika Mlima wa Mizeituni, siku chache kabla ya Pasaka, yaani Machi au Aprili. Kwenye mlima huo huo kulikuwa na kijiji cha Bethfage, jina ambalo hufasiriwa "nyumba ya tini mbichi". Wasikilizaji hawakuhitaji kuwaza mti. Pengine walihitaji kugeuza shingo tu.

Ugumu wa pili ni neno "mavuno". Huku kwetu majani mapya hutokea pale kiangazi kinapokaribia kwisha, mwezi wa tisa na wa kumi, mvua za vuli zikinukia. Mkulima wa Magu au Misungwi akiona miti inachipua, anafikiria jembe na mbegu, si ghala. Anayesikia kwamba majani yakichanua mavuno ni karibu, ana haki ya kuona mambo yamepinduliwa: kati ya chipukizi na gunia kuna palizi mbili, viwavi, na miezi mitano ya wasiwasi.

Palestina mvua na baridi huja pamoja. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kukoma karibu Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba anga ni kavu karibu kabisa. Ngano hukua kwa mvua za baridi na kukomaa joto linapoingia, ikavunwa Mei na Juni. Kwa hiyo mtini unapochanua, mvua zinaaga na kiangazi kinabisha hodi. Neno la Kigiriki lililopo hapo, theros, maana yake ni kiangazi, majira ya joto. Lakini ni ndugu wa therismos, mavuno. Watafsiri wa Union Version wakachagua upande wa mavuno. Hawakukosea, ila walitunyima kitu kimoja. Kwa Kiebrania neno la kiangazi na matunda yake, qayits, linakaribiana mno kwa sauti na qets, mwisho, na Amosi 8 imejengwa juu ya mchezo huo: nabii anaonyeshwa kikapu cha matunda ya wakati wa hari, kisha anaambiwa mwisho umewajia watu wa Israeli. Aliyelelewa na Amosi, akisikia "kiangazi ni karibu", alisikia na neno la pili chini yake. Kwenye Kiswahili mwangwi huo umepotea, na hakuna namna ya kuurudisha isipokuwa kuueleza.

Alama, basi, ina kwao. Jambo hilo linaonekana wazi zaidi kwenye maneno mengine mawili ya Yesu yanayokwenda pamoja na mfano huu. Katika Luka 12:54-56 anawaambia makutano kwamba wakiona wingu limezuka magharibi husema mvua inakuja, na upepo ukivuma toka kusini husema kutakuwa na joto. Iweje wasitambue majira waliyomo? Magharibi mwa Palestina ni Bahari ya Mediterania, kusini ni jangwa. Sasa hamisha alama hizo ziwani. Mtu wa Musoma ana ziwa magharibi yake, mtu wa Bukoba analo mashariki, mtu wa Mwanza analo kaskazini na magharibi, tena limeingia ndani kama ghuba. Pepo za juu hapa hutoka zaidi mashariki, ndiyo maana Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza: mawingu yanasukumwa kuvuka maji na kumwagwa upande wake. Mvuvi akihama kutoka Bukoba kuja Kirumba, hapa Mwanza, na alama zake za kwao, atalowa.

Katika Mathayo 16:2-3 ni wekundu wa mbingu: jioni nyekundu, kesho kianga, asubuhi nyekundu na kumetanda, leo dhoruba. Kanuni hiyo ni nzuri mahali ambapo hali ya hewa husafiri kutoka magharibi. Wekundu wa machweo maana yake hewa ya magharibi ni kavu, na hewa hiyo ndiyo inayokuja. Mwanza, nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, haimo kwenye mkondo huo. Isitoshe, mwezi wa saba hadi wa tisa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hufanya karibu kila machweo kuwa mekundu nyuma ya Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani hapa mjini, na hakuna anayepata habari yoyote kutokana nayo isipokuwa wapiga picha. (Mistari hiyo, kwa njia, haimo katika baadhi ya nakala kongwe za Kigiriki, zikiwemo zile mbili maarufu za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, ndiyo sababu Biblia nyingine huiweka kwenye mabano.)

Nani huku anasoma uso wa mbingu vizuri? Wavuvi wa dagaa. Kazi yao ni ya usiku wa giza, taa zikielea juu ya maji. Mbalamwezi ikikolea dagaa hawafuati taa, na mitumbwi inabaki mwaloni, ufukweni. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda bara, na mawingu hujikusanya juu ya vilima. Usiku mambo yanageuka: bara linapoa, upepo unasukuma kuelekea ziwani, hewa inakutana katikati na kupanda, na radi za kuamkia asubuhi hupasukia juu ya maji, saa zile zile taa zinapowaka. Nahodha hangoji saa. Umeme ukimulika upande ule ule mara tatu na upepo ukakatika ghafla, anaamuru nyavu zivutwe, hata kama taa imeshaanza kukusanya. Anayebaki "kidogo tu" kwa sababu dagaa wamekuja ndiye ambaye mtumbwi wake hujaa maji.

Lawama ya Yesu katika Luka 12 iko hapo hapo. Hasemi watu hawana akili ya kusoma alama. Anasema wanayo, na wanaitumia vizuri kwenye mvua na joto. Anawaita wanafiki, si wajinga. Na mistari inayofuata, 57 hadi 59, inasema la kufanya: unapokwenda na mshitaki wako kwa hakimu, patana naye mngali njiani. Mahubiri mengi hukata kabla ya mistari hiyo, alama zikabaki kama bango la kusoma tu.

Turudi kwenye mtini. Kama unataka mti wa huku unaofanya kazi yake, chukua mkrismasi, ule wenye maua mekundu unaoonekana barabara nyingi za jiji. Ukishika moto, kila mtoto anajua sikukuu haiko mbali. Lakini mti huo hauanzi siku moja kila mwaka. Mwingine huchanua mwezi wa kumi na moja mwanzoni, mwenzake upande wa pili wa barabara unajivuta hadi Desemba. Hakuna aliyewahi kuhesabu maua akapata 25. Mti unakuambia "karibu" na unaishia hapo. Inapendeza kwamba katika Kanisa Katoliki mfano wa mtini kwa maneno ya Marko husomwa Dominika ya 33 ya Mwaka B, yaani mwaka wa pili katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, katikati ya Novemba, mikrismasi ikiwa imeanza.

Sasa kiini cha mzozo: "nanyi kadhalika, myaonapo hayo yote, tambueni ya kuwa yu karibu, milangoni." Hayo yote ni yapi? Kikundi cha Biblia au jumuiya ikitaka kulitatua, ichukue kalamu ya risasi na ifanye hivi. Ianze mstari wa 1, si wa 32. Hapo wanafunzi wanaonyesha majengo ya hekalu, Yesu anasema halitasalia jiwe juu ya jiwe, nao katika mstari wa 3 wanauliza maswali mawili kwa pumzi moja: mambo hayo yatakuwa lini, na ni nini dalili ya kuja kwake na ya mwisho wa dunia. Pigia mstari kila "hayo" na "haya" kuanzia hapo. Kisha zungushia kila mahali anapoambia watu wafanye jambo: angalieni, msitishwe, wakimbilie milimani, asishuke kuchukua vitu nyumbani. Mwisho fungua Luka 21 pembeni, usome mstari wa 20, ambapo ishara si fumbo hata kidogo: Yerusalemu ukizungukwa na majeshi, jueni uharibifu wake umekaribia.

Ukimaliza utaona jambo ambalo wengi hulipita. Vita, njaa na matetemeko havimo kwenye ishara za kukimbia. Vimetajwa ili watu wasitishwe: "lakini ule mwisho bado", inasema mstari wa 6, na wa 8 unaviita mwanzo wa utungu. Anayesimama kila penye vita na kusema "mtini umechanua" amechukua orodha ya mambo yasiyo dalili akaifanya dalili.

Mwaka 70 jeshi la Kirumi chini ya Tito liliuteka Yerusalemu na hekalu likateketea. Kutoka kusulubiwa kwa Yesu ni miaka kama 40, kizazi kimoja. Eusebio, mwandishi wa historia ya kanisa wa karne ya 4, anasimulia kwamba Wakristo wa mji ule walihama mapema wakaenda Pela, ng'ambo ya Yordani. Wanahistoria hubishana juu ya habari hiyo, ila inaonyesha jinsi maneno haya yalivyoeleweka zamani: ni maelekezo ya kutoka mjini kwa wakati.

Hapo ndipo panapokaa mstari wa 34, "Kizazi hiki hakitapita, hata hayo yote yatimie", unaowatesa wasomaji kuliko wowote. Wapo wanaosema kizazi ni taifa la Wayahudi. Wapo wanaosema ni watu watakaokuwa hai ishara zitakapoanza siku za mwisho. Wengine, ni watu wa tabia fulani, waovu wa nyakati zote. Njia ya kupima ni kufuata neno hilo ndani ya Mathayo mwenyewe: 11:16, 12:41-45, na hasa 23:36, mwishoni mwa sura iliyotangulia. Kote ni watu waliokuwa hai akisema. Maana nyingine zinahitaji neno ligeuke ghafla mahali pamoja tu, na hiyo ni bei kubwa. Kwa maoni yetu "hayo yote" ni anguko la mji na yaliyolitangulia. Mstari wa 36 ndipo maneno yanapogeuka: si "hayo" tena bali "siku ile na saa ile", ambayo hakuna aijuaye ila Baba peke yake. Hilo la pili halikupewa mti.

Kuna fundo jingine ambalo Kiswahili chenyewe kimelifunga. Kigiriki cha mstari wa 33 kinasema tu "karibu, milangoni", bila kutaja nani au nini. Lugha yetu hairuhusu uvivu huo. Lazima uchague ngeli. Union Version imechagua mtu: "yu karibu". Ingewezekana pia kiangazi chenyewe, au mwisho. Luka anakata shauri kwa njia yake: kilicho karibu ni ufalme wa Mungu. Kwa hiyo mabishano yoyote yanayosimama juu ya herufi mbili za "yu" yanasimama juu ya uamuzi wa mtafsiri.

Vipi kuhusu mtini kuwa taifa la Israeli? Hesabu hiyo huenda hivi: Israeli ilitangazwa Mei 14, 1948, mtini ukachanua, kizazi ni miaka 40, kwa hiyo 1988. Mwaka huo huko Marekani kijitabu kilichotoa sababu 88 za tarehe hiyo kilisambazwa kwa mamilioni, Septemba ikapita, na mwandishi akasogeza hesabu mwaka mmoja mbele. Kosa halikuwa kwenye hesabu. Luka anaandika mtini "na miti mingine yote". Kama mtini ni taifa moja, mingine yote ni mataifa gani? Ni kweli manabii kama Hosea hulinganisha Israeli na tini. Ila hapa mti ni mti.

Mitini mingine miwili ya Injili huingizwa humu bila sababu. Ule wa Luka 13, uliokaa miaka mitatu bila tunda, mtunzaji akaomba apalilie na kutia samadi mwaka mmoja zaidi, unahusu subira na toba. Ule wa Marko 11, uliokuwa na majani matupu, unahusu hekalu. Mtini wenye majani kwa kawaida huwa tayari umetoa vijitunda vya mwanzo kwenye matawi ya mwaka jana, kwa hiyo majani bila vijitunda ni dalili kwamba mwaka huo hautazaa.

Ziwa nalo limefanywa ishara mara nyingi. Lilipanda kwa kasi kati ya 1961 na 1964 likameza mialo na mashamba ya kando. Likashuka hadi 2006, nguzo za gati zikabaki wazi. 2020 likapanda tena, watu wakahama nyumba. Kujaa lilisemwa kuwa mwisho, na kukauka lilisemwa kuwa mwisho. Sababu zake zinaeleweka: sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huingia kama mvua inayolinyeshea lenyewe, nyingine ni ya mito kama Kagera, na hutoka kwa mvuke na kwa mto Nile huko Jinja, Uganda. Vuli ikizidi, linapanda. Dalili hiyo inamhusu aliyejenga mita chache kutoka ukingoni, naye afanye kama wa Luka 21: ahame kabla.

Marko, baada ya mtini, hakuweka hesabu. Aliweka bawabu. Mwenye nyumba amesafiri, kila mtumwa ana kazi yake, na bawabu ameamriwa akeshe. Neno lile "milangoni" limepata mtu wa kukaa hapo. Zamu zinatajwa nne: jioni, usiku wa manane, awikapo jimbi, asubuhi. Ni mgawanyo wa Kirumi, maana Wayahudi waligawa usiku mara tatu. Kwenye mtumbwi wa dagaa zamu hizo zinajulikana bila saa: kuwasha taa, kungoja, kuvuta, kurudi. Ile ya awikapo jimbi ndiyo nzito kuliko zote, watu wamechoka, samaki wamekuja, na ndiyo saa ambayo radi za ziwani hupenda kupasuka.